Presha kuka ya umeme lita 6: imemaliza mkaa wa maharage kwangu, na hesabu ya hewa ukaa iko hivi

Wadau nianze na jibu kabisa maana najua wengine mnasoma hii mmeshasimama dukani. Kama nyumbani mnapika maharage, makande, nyama ya mifupa au utumbo mara kwa mara na mnatumia mkaa, chukua presha kuka ya umeme. Kama chakula chenu kikubwa ni chipsi, chapati na samaki wa kukaanga basi hela yako peleka kwingine, hii haitakusaidia. Na kama umeme wako ni wa kuvuta kwa jirani kwa waya mwembamba uliopita juu ya bati, subiri kwanza, nitaeleza huko chini kwanini.

Yangu ni ya lita 6, wati 1000, nimeichukua Kariakoo kwa laki moja na sabini baada ya kubishana bei mpaka basi. Brandi siitaji kwa sababu hizi za bei ya kati nilizoziona kwa ndugu na majirani zimetengenezwa kwa mtindo mmoja, chini kuna sahani ya moto, juu yake sufuria la ndani unalolitoa, pembeni pamezibwa ili joto lisipotee, mfuniko una raba nene na kivalvu cha mvuke, basi. Ukishafunga mfuniko mvuke unajazana ndani, maji badala ya kuchemka kwenye nyuzi 100 yanafika kama 115 hivi, na hapo ndipo siri ilipo maana chakula kigumu kinalainika haraka. Presha ikifika kiwango mashine inajikata yenyewe, ikishuka inawaka tena kidogo, kwa hiyo usidanganyike na hiyo wati 1000, muda mwingi wa mapishi haili umeme kabisa. Ndugu zangu wa Mbeya, Njombe na Arusha ndio mtaipenda zaidi, huko juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100 ndio maana maharage yenu yanagoma saa nzima na zaidi, sasa hii presha haijali mwinuko sana.

Swali la kwanza kila mtu anauliza ni umeme. Nimepima mwenyewe kwa kuangalia LUKU kabla na baada, friji na kila kitu kimezimwa, maharage mekundu yale magumu nusu kilo bila kuloweka yanakula chini ya nusu yuniti. Chini ya nusu yuniti! Kama uko ile tarifa ya kawaida ambayo elfu kumi unapata yuniti 28, yuniti moja inakutoka kama shilingi 357 pamoja na kodi zote, maana yake chungu cha maharage ni kama shilingi 150. Kama uko tarifa ya watumiaji wadogo, ile ya yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, yuniti ni kama 122 kwa hiyo hata shilingi 70 hufikishi. Lakini hapa mnisikilize vizuri watu wa tarifa ndogo, hii mashine ukiipikia kila siku inaweza kukuongezea yuniti 20 au 25 kwa mwezi, na kama ulikuwa tayari kwenye 60 utavuka 75 na watakuhamishia tarifa kubwa, halafu hata taa na friji zote zitalipiwa bei kubwa. Kwa hiyo kabla hujanunua angalia risiti zako za LUKU za miezi michache, jumlisha, ujue una nafasi kiasi gani.

Sasa weka pembeni ya hiyo shilingi 150 kopo la mkaa. Maharage yaleyale kwenye jiko la bati yananiondolea karibu kopo zima kwa sababu lazima uongeze katikati, na kopo mtaani kwetu Mbagala ni buku mbili, masika barabara za huko porini zikiharibika linapanda na mkaa wenyewe unakuja umelowa. Mimi sijaona kifaa kingine cha kupikia ambacho tofauti yake iko hivi. Gesi ni nzuri, naitumia kwa chai, mboga za majani na kukaanga, ila kuchemshia maharage kwa gesi ni kuumaliza mtungi.

Mapishi yenyewe. Maharage usijaze zaidi ya nusu ya sufuria, hii ni lazima kwa sababu yanatoa povu na povu likipanda linaziba kale katundu ka mvuke, ukija kufungua unakuta ganda la maharage limejibana humo na ndio wanaoanza kusema mashine mbovu. Weka maji yapite juu ya maharage kama vidole viwili, chumvi kidogo, dakika 45 kama hujaloweka, 25 kama yamelala kwenye maji usiku kucha. Ikiisha usifungue, iache ishuke yenyewe, maharage yanazidi kuiva humohumo bila umeme. Halafu tui. Jamani tui zito msiweke mwanzo, kwenye presha linakatika, mafuta yanapanda juu na chini inabaki mchuzi wa maji maji, weka tui ukishafungua mfuniko, uliache lichemke taratibu huku unakoroga kama unavyofanya siku zote na hapo ladha ni ileile ya nyumbani. Makande yanatoka vizuri mno ila mahindi yawe yamekobolewa. Kongoro ndio sherehe, saa moja tu mfupa unaachia na supu inakuwa nzito inayonata mdomoni. Ndizi na nyama dakika kumi na mbili, ukizidisha zinakuwa uji. Wali unaiva bila shida ila hauna ukoko wa maana, wenye kupenda ukoko mpikie kwenye mkaa au gesi tu. Ugali hapana. Nimeona watu wanasonga humo mfuniko ukiwa wazi, lile sufuria la ndani linazunguka na mwiko, unatafuta mtu wa kukushikia, na chini linachunika.

Mama mkwe alipotoka Korogwe kuja kututembelea alikataa kabisa kukaa jikoni mashine ikiwa inafanya kazi. "Mwanangu, hiyo ikipasuka mtanizika na mchuzi." Hofu yake naielewa maana zile presha za zamani za kuweka juu ya moto zilishawaunguza watu kweli. Hizi za umeme mfuniko unajifunga, huwezi kuuzungusha mpaka mvuke uishe, kuna pini ndogo inapanda presha ikiwepo na inashuka ikiisha. Nikamwambia mama shika hapa ujaribu kufungua, akajaribu, haukufunguka, pini ikashuka, akazungusha ukafunguka. Aliyebaki na hofu ni mimi, kwa sababu kile kivalvu cha juu ukikifungua kwa mkono mvuke unatoka kwa nguvu na moto wake si wa mchezo, kwa hiyo tumia mwiko mrefu, na watoto wasiwe karibu.

Sasa niseme kilichonifanya niandike review ndefu hivi, maana ya kuokoa hela mngeyasikia popote. Ni hii hewa ukaa, ile gesi inayotoka tukichoma mkaa, kuni au mafuta na inayopasha dunia joto. Kabla ya viwanda hewa ya dunia ilikuwa na hewa ukaa kama sehemu 280 kwa kila milioni. Mwaka 1958 wanasayansi walipoanza kuipima bila kukatiza kule juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, ilikuwa kama 315. Mei 2025 wastani wa mwezi ulipita 430. Na haipandi polepole, kutoka 2023 kwenda 2024 ilipanda kwa kiasi kikubwa kuliko mwaka wowote tangu vipimo vianze, na 2024 ndio mwaka wa kwanza kalenda nzima joto la dunia limepita nyuzi 1.5 juu ya la enzi hizo za kabla ya viwanda, ile 1.5 ambayo kwenye mkataba wa tabianchi wa Paris 2015 nchi zote zilisema zitajitahidi isipitwe. Mwaka mmoja si ndio mwisho wa habari, kinachohesabiwa ni wastani wa miaka mingi, lakini mwelekeo kila mtu anauona. Na hewa ukaa ikishapanda haishuki mvua ikinyesha kama vumbi, sehemu yake kubwa inakaa huko kwa mamia ya miaka, ndio maana kila kilo inayozuiwa leo ina maana.

Najua jibu litakalokuja, sisi Tanzania tunachangia chini ya asilimia moja, waacheni Wamarekani na Wachina wapunguze. Ni kweli na mimi nasema waziwazi, mzigo mkubwa ni wa wenye makaa ya mawe, mafuta na gesi nyingi, wao ndio wanatakiwa kushusha haraka na kwa wingi, wanasayansi wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, walishaweka wazi kwamba ili kubaki kwenye 1.5 uchafuzi wa dunia ulitakiwa ushuke kwa asilimia 43 ifikapo 2030 ukilinganisha na 2019. Hakuna presha kuka itakayofidia hilo. Lakini misitu inayoisha ni yetu, mito inayokauka ni yetu, na moshi unaingia kwenye mapafu ya dada zetu na watoto wetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa ndani ya nyumba uliua watu kama milioni 3.2 mwaka 2020 peke yake. Hata kama ingekuwa hakuna ongezeko la joto kabisa, hicho tu kingetosha.

Kilo moja ya mkaa ikiungua jikoni inatoa karibu kilo tatu za hewa ukaa. Hapo bado hujagusa tanuri. Kwenye tanuri la kufukia udongo, lile la Kisarawe, Handeni, Kilosa au Rufiji, kupata kilo moja ya mkaa unatumia mti kilo tano mpaka kumi, nishati nyingi inaishia porini kama moshi, na huo moshi una methani pia ambayo inapasha dunia joto kuliko hewa ukaa kilo kwa kilo. Mtu atasema mti ukiota tena unaivuta hiyo hewa irudi. Sawa, ukiachwa uote. Tatizo ni kwamba pakishakatwa mkaa mara nyingi panafuata shamba la ufuta au mifugo na msitu haurudi, serikali yenyewe inataja karibu hekta 469,000 za misitu zinazopotea kila mwaka, si zote kwa ajili ya mkaa, kilimo kina sehemu kubwa sana, lakini mkaa ndio hela ya haraka inayomlipa mtu kusafisha hilo shamba. Na Dar ndio mlaji mkubwa kuliko mji wowote nchini.

Upande wa umeme na wenyewe nisiufiche. Umeme wetu si safi asilimia mia. Sehemu ni gesi ya Songosongo na Mtwara inayochomwa Ubungo na Kinyerezi. Tuseme basi siku ya bahati mbaya kabisa kila yuniti unayotumia imetoka kwenye gesi, yuniti moja ni kama nusu kilo ya hewa ukaa, maharage yangu ni chini ya nusu yuniti, tunazungumzia gramu mia mbili na kitu. Mkaa kwa maharage hayohayo ni kilo mbili tatu jikoni peke yake. Na sa hivi bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine 9 za megawati 235, jumla megawati 2,115, ya kwanza iliwashwa Februari 2024 na zote zilikamilika 2025, kwa hiyo hesabu inazidi kuwa nzuri. Wasiwasi wangu ni mvua. Tunakumbuka 2022 Dar tulipopangiwa zamu za maji, tunakumbuka mgao wa mwisho wa 2023, halafu Aprili 2024 Rufiji na Kibiti watu wanaondolewa kwa mafuriko. Umeme wa maji unategemea mvua zilezile ambazo joto linazivuruga, ndio maana mimi nataka kuona sola na upepo wa Singida vinaingia kwenye gridi kwa wingi, tusiweke kila kitu Rufiji.

Kuna hili la majiko ya bei nafuu sana yanayotolewa na miradi ya kaboni, maana nimeulizwa sana. Kampuni inakupa jiko kwa punguzo, inahesabu hewa ukaa uliyookoa, inauza hiyo hesabu kwa makampuni ya nje yanayotaka kusema yamefidia uchafuzi wao. Jiko chukua, sina neno na jiko. Ila watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha mwaka 2024 kwamba miradi ya majiko waliyoipitia ilikuwa inadai kuokoa kama mara tisa ya kilichookolewa kweli, kwa sababu wanadhania kila mtu ameacha kabisa jiko la zamani na wanadhania miti haioti tena popote. Zilizoonekana karibu na ukweli ni zile za majiko yanayopimwa matumizi yake moja kwa moja, yaani umeme na gesi zenye mita. Mimi hili linaniuma kwa sababu kila kilo ya uongo inayouzwa ni ruhusa ya mtu mwingine kuchoma mafuta kweli. Kwa hiyo ukipewa jiko la mradi na wakaja kukuuliza kama bado unapikia mkaa, waambie ukweli. Mimi mwenyewe bado nina jiko la mkaa, nachomea mahindi na nyama ya wikiendi, sijafika sifuri na sitadanganya mtu.

Mapungufu ya mashine. Waya uliokuja nayo ni mfupi na plagi yake ilianza kupata moto baada ya muda si mrefu, nikaitupa nikanunua nyingine nzito, duka halikutaka kusikia habari ya waranti ingawa mdomoni waliniahidi mwaka mzima. Usichomeke kwenye ekstensheni zile nyembamba za kuchajia simu, itayeyuka, na hii ndio sababu ya kuwaonya wenye umeme wa kuvuta. Jioni umeme ukiwa mdogo, saa moja mpaka saa tatu hivi kwetu taa zinafifia, mashine inachukua muda mrefu kupata presha, kwa hiyo mimi napika mchana au alfajiri. Umeme ukikatika katikati usifungue, joto linabaki humo na chakula kinaendelea kuiva, lakini ukirudi yangu haiendelei ilipoishia, lazima ubonyeze upya, na ukisahau utakuta maharage nusu mabichi. Raba ya mfuniko inashika harufu, ukipika utumbo leo kesho wali unanukia utumbo, nimenunua raba ya pili kwa elfu nane ikawa ya wali na ndizi tu. Sufuria la ndani usilisugue kwa steelwire hata kidogo.

Halafu bei. Laki moja na sabini kwa mtu anayenunua mkaa wa kopo kila siku ni hela ambayo hana, hata kama kwa mwezi atatumia nyingi kuliko mimi. Mkakati wa taifa wa nishati safi uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishaambiwa ziache kuni na mkaa. Lengo zuri, naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini mitungi ya gesi ya kugawa kwenye mikutano haitoshi, watu wanarudi mkaa mtungi ukiisha. Kinachotakiwa ni mtu apewe presha kuka leo, alipe kidogokidogo kupitia LUKU, shilingi mia tano mia tano kila anaponunua umeme, mpaka imalizike. Na yule dada anayetuuzia mkaa hapa mtaani awe wa kwanza kufikiriwa, anasomesha watoto kwa hiyo kazi, apewe uwakala wa gesi au wa hizi mashine, ana wateja tayari na wanamwamini.

Kwangu ni 8 kati ya 10, mbili nimekata kwa plagi na kwa ile habari ya kubonyeza upya. Ukienda kununua waambie wamwage maji vikombe viwili ndani, wafunge, wachomeke mbele yako, usubiri mpaka pini ipande na ijikate yenyewe. Angalia pembeni ya mfuniko kama mvuke unavuja. Uliza raba ya akiba kabla hujalipa, na waranti waandike kwenye risiti yenye muhuri. Asiyetaka kufanya hivyo hamia duka la jirani, Kariakoo yako mengi.